Kugel Mbele ya Kamati

Kugel alikuwa ameishi fleti 6C kwa miaka kumi na mmoja. Alimjua bawabu, aliijua lifti, alijua ni mti upi wa mtaa ule ulio wake na upi ni wa mbwa wa watu. Lakini shangazi Lottie alipofariki na kumwachia mpwa wake Bernadine fleti pamoja na mbwa, kamati ya jengo ilikaa ikaamua kwamba mbwa aliyebadilisha mmiliki ni mbwa mgeni, na mbwa mgeni lazima ahojiwe.

"Ahojiwe nini?" Bernadine aliuliza kwenye simu. "Ana miaka kumi na mitatu na meno manne."

"Tabia, mama," karani wa jengo akamjibu. "Tunaangalia tabia."

Msicheke. Huko Manhattan, upande wa mashariki wa bustani kubwa, mambo ndivyo yalivyo. Katika jengo la ushirika hununui kuta; unanunua hisa za jengo zima, na wenye hisa wenzako ndio wanaoamua kama unafaa kupanda nao lifti. Wakikukataa hawakupi sababu. Hata urithi hausaidii. Wakimkataa Bernadine, 6C ingeuzwa kwa mtu mwingine. Wakimkubali yeye wakamkataa Kugel, yangekuwa yale yale, kwa sababu hakuwa tayari kumtoa mbwa wa Lottie kwa mtu yeyote.

Na fleti yenyewe haikuwa kasri. Chumba kimoja cha kulala, sebule, bafu, na jiko ambalo watu wawili hawapishani bila kuombana radhi. Ila Bernadine alilelewa humo. Wazazi wake walikufa kwa ajali akiwa na miaka tisa. Lottie, dada wa baba yake, muuza glavu dukani, asiye na mume wala mtoto, alimchukua siku ile ile. Alimkuza mpaka akawa nesi. Sasa Bernadine alikuwa na miaka sitini na mitatu, amestaafu kazi ya unesi wa shule, anapanga ng'ambo ya mto, Queens, juu ya duka la kufulia nguo. Kila alipofikiria kurudi 6C alishukuru, na papo hapo akaogopa.

Shoga yake Roz, aliyewahi kupita kwenye tanuri hilo, alimpa somo.

"Usiulize swali. Usijitie kuchekesha. Wakikuuliza jina, taja jina basi, usianze kuwahadithia ukoo. Na mbwa mpe kidonge."

"Kidonge gani?"

"Cha kumtuliza. Kila mtu anampa."

"Kila mtu?"

"Shoga, wewe unadhani mbwa wote wa mitaa ile wamezaliwa wapole hivyo?"

Daktari wa mifugo aliandika nusu kidonge. Saa kumi na moja jioni Bernadine alimpa Kugel nusu, ndani ya kipande cha jibini. Saa kumi na moja na nusu Kugel akalibwekea bomba la maji. Bernadine akaingiwa na kiwewe, akampa ile nusu ya pili. Nesi aliyefanya kazi miaka thelathini na minne huyo! Mzazi angefanya hivyo kwa mtoto, angemkemea mpaka alie.

Osvaldo, bawabu, aliwafungulia mlango akainama kumtazama mbwa. "Mama, huyu anatembea au anaburutwa?"

"Ametulia."

"Ametulia mno. Mbebe, wasije wakakuona."

Kamati ilikutana nyumbani kwa mwenyekiti, ghorofa ya tisa. Wajumbe walikuwa watano. Watatu walikuwa wa kutikisa vichwa kukubali tu. Wa nne, Daktari Sperling, alikuwa daktari wa meno mwenye kupenda kanuni kuliko chakula. Mwenyekiti alikuwa Bi Adelaide Thornquist, miaka themanini na minne, mgongo umenyooka, mwanamke ambaye Bernadine alipokuwa mtoto alijibanza nyuma ya nguzo kila alipomwona.

Maswali ya mtu yalikwisha upesi. Bernadine alijibu kama alivyofundwa: ndiyo, hapana, asante. Kisha Daktari Sperling akasimama.

"Sasa mbwa. Nitatoka nje nigonge kengele. Tuone kama anabweka."

Akatoka. Kengele ikalia. Kugel alikuwa amelala chali juu ya zulia. Kengele ikalia tena, mara hii ndefu, ya mtu mwenye hasira. Kugel akakoroma.

"Yu hai kweli?" mjumbe mmoja akanong'ona.

Sperling alirudi, akapiga goti, akainua kope ya mbwa kwa kidole chake cha kitabibu. "Huyu amepewa dawa."

Bernadine angeweza kukana. Hakukana.

"Nimempa mimi. Kidonge kizima. Daktari alisema nusu."

"Unaelewa kwamba huo ni udanganyifu mbele ya kamati?"

"Ngoja kwanza, Daktari," Bi Thornquist akasema. Akamgeukia Bernadine. "Kwa nini ulimpa?"

Mafunzo yote ya Roz yakamtoka kichwani. "Niliogopa atapiga kelele. Mimi nimelelewa kuogopa kelele ndani ya jengo hili. Miaka tisa nimetembea kwa soksi pale 6C. Sikuruka, sikukimbia, redio niliisikiliza chini ya mto. Shangazi alikuwa anaumwa kichwa. Ukiangusha kijiko tu, anashika paji la uso. Samahanini. Ni mazoea."

Bi Thornquist aliweka kalamu chini, na wale watatu wakasahau kutikisa vichwa.

"Lottie hakuumwa kichwa hata siku moja maishani mwake," akasema.

"Bibi, mimi niliishi naye."

"Na mimi nilikuwa kwenye kamati. Nilikuwa na miaka thelathini, mjumbe mpya. Kanuni ilisema fleti ya chumba kimoja haichukui mtoto. Lottie alikuja amevaa glavu zake nyeupe akasema, 'Mtoto atalala chumbani, mimi nitalala kwenye kochi.' Tukamwambia tatizo ni kelele. Akatuandikia ahadi kwa mkono wake: siku yoyote jirani akilalamika, atauza hisa zake ahame. Tukapiga kura. Watatu kwa wawili."

Bernadine alishika ukingo wa kiti. Kichwa kile cha kuuma. Kitambaa kwenye paji la uso, chai ya moto, taa zilizopunguzwa, yote yale yalikuwa maigizo, ili mtoto aliyefiwa asipige kelele, wala asijue kwamba kuna watu waliopiga kura juu yake.

"Wale wawili," aliuliza kwa sauti ndogo, "walikuwa akina nani?"

"Mmoja amekwisha kufa," Bi Thornquist akajibu. "Mwingine ni mimi. Niliandika hapana. Nilitaka utulivu wangu. Lottie alilijua hilo, na bado usiku wa mwaka mpya aliniletea supu kila mwaka, wala hakulitaja." Akaivuta karatasi ya kura. "Naandika ndiyo. Ya mtu na ya mbwa. Daktari?"

Sperling alikohoa. Akamtazama Kugel, akamtazama mwenyekiti. "Ndiyo. Lakini vidonge basi."

Wale watatu walitikisa vichwa kukubali.

"Lottie alifanya nini," Bernadine akauliza, machozi yakimtiririka bila aibu, "baada ya kura?"

"Alituzunguka mezani. Alitupa mkono sote watano, mmoja mmoja, akatushukuru. Na mimi pia."

Bernadine akainuka. Alianza kwa wale watatu, akaja kwa daktari wa meno, akafika mwisho kwa kikongwe. Mkono ule aliushika kwa mikono yake miwili.

"Usinishukuru mimi," Bi Thornquist akasema. "Mimi sistahili."

"Najua," Bernadine akasema, wala hakuuachia. "Asante sana, Bi Adelaide."