Gari la Injinia Linavyopanda

Jumamosi asubuhi gari la Injinia lilikuwa juu ya magogo pale gereji, halina magurudumu, na Injinia mwenyewe alikuwa amekalia tairi moja anakunywa chai ya fundi. Lilikuwa gari la zamani, la pembe nne kama kabati, la kijani ambacho jua lilikuwa limeshaanza kukigeuza kijivu. Injini yake ilikuwa nzima kabisa. Tatizo lilikuwa tumbo. Mashimo yote ya barabara ya kwao yalikuwa yamezoeana na tumbo lile, na bomba la moshi lilikuwa limechomelewa mara nyingi hata viraka vikawa vingi kuliko bomba.

"Liinue," alisema Injinia.

"Kiasi gani, bosi?"

"Kiasi cha kutosha. Sitaki kusikia shimo tena."

Fundi hakuwa mtu wa futikamba. Alitanua kiganja, akapima shubiri moja kati ya tairi na bodi, akasema hiyo inatosha. Akaeleza kwamba gari lililoinuliwa lina mambo yake: paipu za breki lazima zirefushwe, usukani utakuwa mzito, taa zitamulika matawi ya miti badala ya njia, na konani asijifanye kijana, litalala ubavu. Injinia aliitikia kila neno kwa kichwa. Alisema yote hayo anayavumilia kwa ajili ya mama.

Hapo hakusema uongo. Mama yake alikuwa amehamia kwake kwa sababu ya kidonda cha mguu, kile cha ugonjwa wa sukari, ambacho kila wiki kilitakiwa kusafishwa hospitali. Njia nzima mama alirushwarushwa kitini mpaka machozi yakamtoka, naye alikuwa mwanamke wa kulia kwa nadra. Mtoto gani mwenye moyo angetazama hivyo akanyamaza? Injinia hakunyamaza. Aliagiza springi.

Mtu mgeni angeweza kuuliza kwa nini asitengeneze barabara, maana Injinia ndiye aliyekuwa mkuu wa barabara zote za mji ule, na hiyo ya kwao ilikuwamo. Ni swali la mgeni. Kutengeneza barabara kuna vikao, na vikao vina vikao vyake, wakati kuinua gari kunamalizika kabla ya chakula cha mchana. Fundi alifunga springi ndefu, akafunga shokomzoba za kufanana nazo, akavisha matairi makubwa yenye meno. Gari likashuka kwenye magogo likiwa limezidi shubiri moja, na Injinia akalizunguka mara kadhaa huku akitabasamu peke yake.

Kila Ijumaa Injinia alikuwa akizungumza redioni kuhusu barabara. Ijumaa iliyofuata mama mmoja alipiga simu akauliza habari za njia ya kwenda hospitali, ile ya kupitia kwa Injinia.

"Barabara ile inapitika," alijibu Injinia kwa sauti yake nzito ya redioni. "Mimi mwenyewe nimepita leo asubuhi, sikusikia hata shimo moja."

Alipokuwa anasema hayo, gari lake lililokuwa limeegeshwa nje lilipanda shubiri moja. Mlinzi wa pale aliliona likipanda. Alisogeza kiti chake ili kioo cha pembeni kisimvue kofia, akaendelea kusikiliza kipindi. Hakumwambia mtu, kwa sababu hakuna aliyemuuliza.

Injinia alipotaka kuingia garini aliona mguu unamwishia njiani. Alidhani suruali imebana. Jioni akampitia fundi, na fundi akatanua kiganja akapima.

"Shubiri mbili," akasema. "Mimi niliweka moja."

"Na hiyo ya pili?"

"Hiyo si ya kwangu, bosi." Fundi alilala chini akatazama. Springi zilikuwa zilezile, ila zimerefuka, na kila kitu kimerefuka nazo kwa adabu, hata paipu za breki. "Limekua tu. Haya ya zamani chuma chake kizuri."

Basi likaendelea kukua. Injinia akiambiwa kikaoni kwamba watoto wa shule wanavuka njia wamebeba viatu mkononi, alisema inapitika, na gari huko nje likapanda. Akiulizwa msibani na watu ambao jeneza lao lilikuwa limeshushwa njiani likabebwa begani, alisema, poleni sana ndugu zangu, lakini inapitika, na gari likapanda. Mwanzoni alitumia kigoda, baadaye ngazi ya bati, mwishowe ngazi ya mpaka rangi. Akishafika juu aliivuta akaifunga kwenye keria. Alianza kuipenda hali ile. Ukiwa juu kiasi hicho mashimo yanaonekana madoa tu, na Injinia akaanza kuamini kwamba watu wa chini wana tabia ya kulalamika.

Aliyeng'amua siri kabla ya wote ni mkewe.

"Baba watoto, kila ukisema inapitika, gari linapanda."

"Mimi nimesomea mambo haya," alisema Injinia. "Usiniletee ya mitaani."

Lakini jioni moja walikuwa wanarudi wawili tu, mke na mume, na gurudumu la nyuma likaingia kwenye shimo ambalo hata meno ya matairi yale hayakufika chini yake. Kahawa ikammwagikia Injinia kifuani. "Shimo hili litakuja kuua mtu," akafoka. Palepale gari likashuka shubiri moja, taratibu, kama ng'ombe anayelala.

"Umeona?" alisema mkewe.

Injinia alitazama mbele akakanyaga mafuta. Kesho yake alikuwa na kikao, na shubiri ile ikarudi pamoja na mdogo wake.

Tangu hapo mtaa mzima ulijua jinsi gari linavyopanda na jinsi linavyoshuka, na kila mtu akaendelea na shughuli zake. Wenye nguo za kuanika walihamisha kamba. Mwenye nyumba ya pili aliomba tu lisiegeshwe mkabala na dirisha la bafu.

Aliyepata taabu ni mama. Mwanzoni walimsukuma kwa nyuma, mke huku na jirani kule, mpaka akafika kitini ametokwa jasho. Ilipokuja ngazi, ikawa basi. Mguu wenye kidonda haupandi ngazi. "Wiki hii tupumzike, mama," alisema Injinia, na wiki nyingine akasema hivyohivyo. Mkewe akawa anakisafisha kidonda nyumbani kwa maji ya chumvi, akitazama pembeni ili mama asimwone uso.

"Mimi sina neno, mwanangu," alisema mama. "Kidonda ndicho chenye neno."

Asubuhi moja mama hakuamka kunywa chai. Mwili ulikuwa moto, na vidole viwili vya mguu vilikuwa vimekuwa vyeusi. Mkewe Injinia alimpeleka hadi uani na kumkalisha kwenye kiti cha plastiki. Majirani wakaja, na fundi, aliyekuwa anapita kwenda kazini, naye akaingia. Mama aliinua macho akautazama mlango wa gari kule juu.

"Mwanangu," akasema, "mimi naenda hospitali tu. Mbinguni bado."

"Bosi," alisema fundi kwa upole, "sema tu ilivyo. Likishuka tunampakia, mnaondoka."

Injinia akafungua kinywa. Kweli alitaka kusema. Alimpenda mama yake, na jasho lilikuwa linamtoka mpaka kwenye kidevu. Lakini kwenye geti la ng'ambo alikuwa amesimama mtangazaji wa redio, jirani yao, anapiga mswaki, na Injinia akamwona.

"Barabara hii," alianza Injinia, "ina changamoto."

Gari likashuka upana wa kidole. Watu wakasubiri. Fundi akapima kwa macho akatikisa kichwa, changamoto haikutosha.

"Ongeza kidogo," alisema mkewe.

"Ina changamoto ndogondogo," alisema Injinia, "ambazo zinashughulikiwa."

Gari likapanda na kupita pale lilipokuwa mwanzo. Mtangazaji akatema povu, akamtakia mama afya njema, akarudi ndani. Hata baada ya mtangazaji kuondoka Injinia alibaki vilevile, anamung'unya maneno yasiyotoka. Kuna watu hufa na tai shingoni, naye asubuhi hiyo tai alikuwa ameivaa. Mkewe akatoka getini akamwita Breki.

Breki alikuwa msukuma mkokoteni, na jina alipewa kwa sababu mkokoteni wake hauna. Akatandika gunia, akaweka mto, wakampandisha mama. Mvua ilikuwa imeanza kunyesha. Injinia, ambaye hakuwa mtoto wa kumwacha mama yake aloe, alipanda ngazi, akawasha gari, akaliendesha polepole juu yao. Mkokoteni ukawa unakwenda katikati ya magurudumu, mama amelala, Breki anasukuma, mke wa Injinia ameshika mguu usigonge ubao, wote chini ya tumbo la gari, na hakuna aliyeloa hata tone. Waliowaona njiani walisifu. Walisema si kila mzazi ana bahati ya mtoto wa namna hiyo.

Kabla ya kufika hospitali kuna shimo ambalo wenyeji huliita Bwawa. Mkokoteni uliingia Bwawani hadi ekseli, na gurudumu moja likatoka. Gari la Injinia lilipita juu bila kusikia kitu. Alifika hospitali mapema, akaegesha, akateremka kwa ngazi, akasimama mlangoni kumsubiri mama yake. Alitazama saa. Akamwambia nesi kwamba wako nyuma kidogo tu.

Walifika mchana. Breki na mke wa Injinia walikuwa wamembeba mama kwa lile gunia, wakipokezana na wapita njia, na mvua waliyokuwa wamekingwa mwanzo ilikuwa imewapata yote. Mama hakuwa anajibu akiitwa. Daktari wa upasuaji alifunua kidonda, akakifunika tena. Akasema wangekuja wiki mbili nyuma angekata vidole. Sasa atakata chini ya goti, na washukuru Mungu kama itaishia hapo.

Iliishia hapo. Mama alipozinduka, daktari alisimama miguuni pa kitanda, pale ambapo shuka lilikuwa limelala tambarare upande mmoja.

"Nahitaji kujua," alisema daktari. "Kwa nini mlikaa kiasi hiki bila kumleta? Ni njia?"

Mkewe Injinia alifungua kinywa, lakini mama akamgusa mkono.

"Mwache aseme mwenye barabara," alisema mama.

Palikuwa na watu wanne tu chumbani. Hapakuwa na mtangazaji wala kipaza sauti. Injinia alimtazama mama yake, akalitazama lile shuka, na machozi ya kweli yakamtoka, makubwa, mpaka yakaingia kwenye kola.

"Hapana, daktari," akasema. "Njia inapitika. Mama ndiye aliyechelewa kusema."

Nje, kwenye maegesho, gari lilipanda likapita paa la wodi ya wazazi. Mlinzi wa hospitali akaenda kutafuta ngazi ndefu zaidi.

Mama aligeuza uso ukutani, na hata mwanawe alipomwita hakugeuka. Nyumbani alirudishwa na Breki, aliyekuwa ameazima gurudumu.

Barabara ipo kama ilivyokuwa, na Bwawa limeongezeka. Gari Injinia hulitumia kila siku, na likiwa limeegeshwa nje ya geti kivuli chake ni kikubwa, kizuri, hakina siafu. Wauza nyanya wameweka meza zao hapo chini. Fundi naye hupumzika hapo, na husema kwamba katika magari yote aliyowahi kuyainua hilo ndilo lililomletea wateja. Mama hutolewa uani kila asubuhi, akawekwa kivulini kwenye kiti chake cha plastiki, mguu mmoja umetulia kwenye kandambili.

Ijumaa wauza nyanya hufungulia redio. Mtangazaji hukaribisha, Injinia husalimia wasikilizaji, na mtu hupiga simu kuuliza habari za njia ya hospitali. Mama akisikia swali hilo hasubiri jibu. Humwita mkwe wake wamsogeze kidogo, maana gari likipanda kivuli huhama.