Sala ya Mvua Mjini Corrabee

Mwezi wa sikukuu za Kiyahudi ulikuwa umemmaliza Perla Mussry. Siku mbili za Mwaka Mpya, kisha mfungo wa Siku ya Upatanisho, kisha wiki nzima ya Vibanda, ambapo milo huliwa kibandani uani. Kila mara ni yeye aliyefungua sinagogi, akapanga viti, akapika, akawapigia watu simu ili wapatikane wanaume kumi, maana chini ya kumi Torati haisomwi na sala za jumuiya hazisaliwi. Alikuwa mwenyekiti kwa mwaka wa ishirini na mbili. "Kazi yangu ni kuhesabu," alizoea kusema, "mwenyewe sihesabiwi."

Mwaka huu kumi walikuwa kumi, hakuna wa akiba. Mafuriko ya Machi yalikuwa yamepanda hadi kwenye madirisha ya barabara kuu, na familia tatu zilihamia Sydney na hazikurudi. Kuta za sinagogi zilikuwa zimebanduliwa plasta hadi usawa wa kiuno, na harufu ya matope ilikataa kutoka.

Zilibaki siku mbili za kuufunga mwezi: Siku ya Nane, ambapo huombwa mvua, na baada yake Furaha ya Torati. Alasiri ya mkesha, Perla akikaanga sambusa za jibini, simu iliita. Alikuwa Ezra Hallegua, mzee aliyeongoza sala tangu rabi wao wa mwisho astaafu.

"Perla, Lionel haji kesho."

"Anaumwa?"

"Mzima kabisa. Anasema mwenye kuomba mvua mwaka huu ni mwendawazimu, na yeye bado ana akili zake."

Perla alizima jiko. Akakaa kwenye kiti cha jikoni, aproni ikiwa bado kiunoni, akatamani asiinuke tena. Kisha akachukua ufunguo wa gari.

Lionel Barkash alikuwa na duka la vifaa vya ujenzi karibu na daraja. Maji yalibeba karibu kila kilichokuwamo. Mkewe, Dulcie, alikaa saa kumi na moja juu ya paa akisubiri boti, na wiki tatu baadaye homa ya mapafu ikamchukua. Perla alimkuta Lionel ameketi kwenye duka tupu, akisugua kutu kwenye bawaba kwa msasa. Bawaba zenyewe hakuna ambaye angezinunua.

"Mwenyekiti amekuja kunikamata," alisema bila kuinua kichwa.

"Nimekuja kukaa. Miguu inaniuma. Una kiti?"

Alimfudikizia ndoo. Perla akaketi.

"Dada Perla, usinianze. Mvua yenyewe tunayoomba si ya hapa, ni ya kule. Kule ndiko kiangazi kinakokwisha sasa. Baba yangu aliiombea mvua Yerusalemu miaka sitini, na ndege hakuwahi kupanda. Mimi nikafuata nyayo. Sasa angalia nani aliyenyeshewa."

"Labda anwani ilikosewa," Perla alisema, na papo hapo akajuta.

Lionel aliinua kichwa. Kisha pua yake ikatoa sauti iliyokaribia kuwa kicheko. "Labda," akasema.

"Binti yangu Ronit yuko kule, Haifa. Anasema ziwa la Galilaya limeshuka hadi mawe ya chini yanaonekana."

"Basi aombe Ronit."

"Anaomba. Anataka pia nihamie huko. Kila wiki ananiuliza, Mama, unabaki Corrabee unafanya nini?" Aliyapangusa magoti yake ingawa hayakuwa na vumbi. "Sikwambii uombe, Lionel. Hata mimi sijui huwa naomba nini. Nimechoka kupiga simu, nimechoka na ile harufu. Ila kesho ni kumbukumbu ya marehemu pia. Tusipofika kumi, jina la Dulcie halitasomwa kati ya watu."

Msasa ulisimama.

"Hiyo ni hila."

"Ndiyo," Perla akakubali. "Sina nyingine."

Lionel hakuahidi kitu. Perla alirudi nyumbani akamalizia sambusa zilizobaki, na nyingine ziliungua.

Asubuhi, waliokuja kwa gari waliegesha mtaa wa pili, kama adabu ilivyotaka, maana siku takatifu haifai kuendesha. Hadi saa nne walikuwa wanaume tisa. Ezra alisoma sala za mwanzo polepole makusudi, akikohoa panapostahili na pasipostahili. Walipokuwa karibu kukata tamaa, Lionel alitokea barazani amevaa suti yake ya harusi, akasimama nje ya dirisha ambalo tangu mafuriko halikuwa na kioo.

"Ingia, ndugu yangu," Ezra alimwita.

"Hapa pananitosha."

"Aliye nje hahesabiwi," alisema Manfred Oster, mfamasia mstaafu aliyependa kupinga kuliko kula.

"Akionyesha uso dirishani anahesabiwa. Ni sheria," Ezra alijibu.

"Sheria ya wapi?"

"Ya vitabu ulivyokuwa ukilalia darasani, Manfred. Tuendelee."

Wakaendelea. Torati ilisomwa, majina ya marehemu yakasomwa, na la Dulcie Barkash likawa la mwisho. Perla, kutoka upande wa wanawake, aliona midomo ya Lionel ikitikisika.

Ikafika sala ya mvua. Ezra alivaa joho jeupe na kuanza ule wimbo wa zamani, na uso ukatoweka dirishani. Lionel alikuwa amewageuzia mgongo. Ezra akakatisha wimbo, maana bila ule uso walikuwa tisa tu. Wanaume tisa wakatazama kisogo cha mtu mmoja.

Perla aliinuka, akatoka, akaegemea ukuta kando yake.

"Nikigeuka ni kama nimekubali," Lionel alisema kwa sauti ya chini. "Ni kama nimesema ilikuwa sawa."

"Haikuwa sawa. Mimi sitasema ilikuwa sawa, na Ezra hatasema. Usiitikie. Simama tu nasi."

"Na wewe utarudi ndani?"

"Siwezi. Miguu imegoma. Nitakaa hapa hapa."

Gari la maziwa lilipita. Kisha Lionel akavuta pumzi na kugeuka, na ndani Ezra akaanza upya. Alipofika pale panapoombwa mvua isije ikadhuru, alipaza sauti. Akaparudia. Akaparudia tena, mara ya tatu, jambo ambalo halimo kitabuni, na Manfred hakumsahihisha. Wanaume wa ndani waliitikia amina. Perla akaitikia. Lionel hakufungua kinywa, lakini uso wake ulibaki dirishani hadi mwisho.

Baadaye, kibandani uani, alikula sambusa nne, hata zile zilizoungua, akaondoka bila kuaga. Siku iliyofuata, ya Furaha ya Torati, wazee walizunguka na Torati mara saba. Kuanzia mzunguko wa nne Ezra alicheza ameketi.

Juma lililofuata Perla aliwaambia kwamba baada ya Pasaka ataacha uenyekiti na kwenda kwa Ronit, kwa miezi mitatu kwanza, ya mbele yatajulikana. Alikuwa amejiandaa kubishana. Hakuna aliyebisha. Manfred aliuliza tu nani atapika.

Jumatano Lionel alileta mabamba ya jipsamu kwa gari la kuazima na kuanza kuziba ukuta wa magharibi wa sinagogi. Hakuwa ameombwa. Perla alimshikilia bamba kwa mikono miwili, naye Lionel akipiga misumari.

"Upande wako umeshuka, Mwenyekiti."

"Mikono imekufa ganzi."

"Dakika mbili."

Zilikuwa kumi. Walipomaliza walikaa sakafuni kwenye vumbi jeupe, wakinywa chai ya chupa ambayo ilikuwa imeshapoa.