Maji ya Bi Mwanamkuu Yaliyoruka Kigwa

Kosa la Bi Mwanamkuu halikuwa kusafiri. Kusafiri alisafiri vizuri kabisa. Alikwenda Nakuru kumwona binti yake Zuwena aliyeolewa huko Kenya, na Zuwena akampeleka Ziwa Bogoria. Huko aliona kwa macho yake mwenyewe maji yanayochemka yakiruka kutoka ardhini, fyuuu, yanampita mtu kimo, yanatulia, yanaruka tena. Akachemshia na mayai pembeni, akala kwa chumvi. Kosa lilikuwa hili: aliporudi Tabora, mtu wa kwanza kumsimulia alikuwa Kashindye.

Kashindye anauza vipuri vya baiskeli hapo mtaa wa Mtendeni, na ni Mnyamwezi. Mwanamkuu ni Mzaramo, babu zake walifika na misafara wakabaki. Sasa hapo unataka kuambiwa nini tena? Mzaramo na Mnyamwezi ni watani tangu enzi za kubeba mizigo pamoja kwenda pwani. Watani hutukanana hata msibani, hunyang'anyana kofia, na anachomwambia mmoja mwenzake hakichukuliwi kuwa kweli hata akilia machozi. Jambo la kweli humwanzii mtani. Lakini Mwanamkuu alikuwa ndiyo kwanza ameshuka kwenye basi, habari imemjaa kifuani, na Kashindye ndiye aliyekuwa amekaa mlangoni.

"Yanaruka yenyewe?" Kashindye aliuliza. "Bila pampu?"

"Bila pampu, wallahi."

"Jamani, njooni! Mzaramo kanywa nini huko Kenya?"

Kufika adhuhuri Mtendeni nzima inacheka. Muuza maji wa mkokoteni alimwuliza kama anataka madumu ya maji yaliyolala au yanayoruka. Mwanamkuu naye alicheka, maana mtani hakasirikiwi, lakini moyoni aliumia. Ameona kitu kikubwa kuliko vyote alivyopata kuona, na hana wa kumwamini!

Halafu likaja la pili. Kaka yake Selemani, fundi bati, alikuja amejikunyata.

"Dada, Bi Minza wa Kigwa amekukataa."

Hapo Mwanamkuu alikaa chini. Awadhi, mtoto wa Selemani, alikuwa anamposa Sikuzani, mjukuu wa Bi Minza. Kwao mshenga ni shangazi wa kijana, na siku hiyo Mwanamkuu aliisubiri tangu Awadhi yuko kwenye mbeleko. Kumbe Bi Minza ni shangazi yake Kashindye, na umbea umeshafika.

"Anasemaje?"

"Anasema mshenga anayeona maji yakiruka, kesho atasema kijana wetu hanywi pombe. Tupeleke mwingine. Nimefikiri, labda mke wangu..."

"Mkeo! Mkeo anatumwa kitunguu anarudi na sabuni!" Mwanamkuu alisimama, akajifunga kanga upya kiunoni. "Nitengenezee birika. Lizibe kila mahali, lisivuje. Juu weka bomba jembamba, refu kama mkono wangu. Na juu ya bomba weka karai lililotobolewa katikati."

"Birika gani hilo, dada? Utamiminia wapi?"

"Wewe tengeneza."

Siku ya posa walikodi gari mpaka Kigwa, Mwanamkuu amelipakata lile dude kama mtoto mgonjwa. Kashindye alishatangulia, amekaa uani kwa shangazi yake na kofia yake ya kufuma, anasubiri sinema.

"Shikamoo, Bi Minza."

"Marahaba. Utani uache nje na viatu, mwanangu. Posa haina utani."

"Sikuja na utani. Nipe moto."

Jiko la mkaa likaletwa. Mwanamkuu akaliteleka birika, akajaza maji mpaka yakaonekana kwenye karai, akaeleza. Chini kabisa ya ardhi, alisema kama alivyoelezwa Bogoria, kuna mawe ya moto. Maji yanazama yanayakuta. Yanataka kuchemka, hayawezi, yamekaliwa na maji mengine juu yake na njia ya kutokea ni nyembamba. Basi yanavumilia, moto unazidi, yanavumilia.

"Kama bi harusi aliyekaliwa na mawifi," alisema Bi Minza.

"Hasa! Siku ya siku, juu panamwagika kidogo tu. Mzigo umepungua. Ya chini yote yanageuka mvuke kwa mkupuo, yanarusha kila kilichoyakalia."

Wakangoja. Mkaa ukashika, ukawa mwekundu. Hakuna kitu. Selemani akaanza kutazama vidole vyake vya miguu. Bi Minza akapiga mwayo, akasema chakula kipo, wale wende zao, posa italetwa na mtu mwingine. Mwanamkuu akapuliza mkaa. Alitamani ardhi ya Kigwa immeze.

Kashindye akainuka, akainamia karai.

"Yamelala, mtani. Yaimbie."

Ndani ya bomba kitu kilikoroma. Maji yakabubujika, yakamwagika kidogo ukingoni. Pakawa kimya. Halafu, fwaaa! Kofia ya kufuma ilipaa hadi kwenye paa la banda la kuku, na mwenye kofia akatua mlangoni mwa banda, amelowana, anapiga kelele, "Mayo wane, mama yangu! Yameruka! Yameruka yenyewe!"

Bi Minza alicheka mpaka akashika mbavu. Maji yalirudi kwenye karai, yakazama kwenye bomba, na baada ya muda yakaruka tena.

"Na ya huko ni makubwa kuliko haya?"

"Bibi, haya ni mkojo wa mbuzi."

"Basi bwana harusi atampeleka mjukuu wangu akayaone. Kaa, mshenga. Sema kilichokuleta."

Mwanamkuu akasema, na posa ikapokelewa.

Jioni ile Kashindye alikuwa katikati ya barabara Mtendeni, bega limemwiva kwa yale maji ya moto, anaapa kwa Mungu kwamba Mzaramo alisema kweli. Watu wanashika matumbo. Mnyamwezi anamtetea mtani wake! Kahongwa asali huyu!

"Muulizeni mwenyewe! Huyo hapo anapita! Mtani, waambie!"

Mwanamkuu akasimama. Selemani, nyuma yake, akainamisha kichwa asicheke. Kila mtu anamtazama mshenga.

"Maji?" alisema, akitengeneza mtandio wake. "Yaruke yenyewe, bila pampu? Jamani, Wanyamwezi kwa uongo!"

Akapita zake kwenda nyumbani, na Kashindye akabaki pale na kofia mbichi mkononi.