Asani Aliyepungukiwa na Jua

...na sasa anasema damu, anasema damu yangu, halafu sauti inakatika, nami nimeinama juu ya turubai na mpunga umejaa viganjani, simu iko pale juu ya ndoo iliyofunikwa, mahali pekee katika uwanja huu panaposhika mtandao, ukiinyanyua tu inakufa, kwa hiyo siinyanyui, nasubiri, damu yako imefanya nini Asani, sema, miezi minane mume wangu yuko Lubumbashi kwa dada yake Waridi, mara mbili kwa wiki wanamfunga kwenye mashine ya kusafisha damu kwa sababu mafigo yake yalikufa, presha iliyala polepole kule Salamabila alipokuwa akinunua dhahabu na kuniambia kichwa kinauma kidogo tu, na mimi nikaamini, nikamchemshia majani... “Mama Baraka, uko unanisikia?” Nakusikia, nasema, na anasema daktari amepima, ana vitamini D kidogo sana, kidogo kuliko wagonjwa wote wa zamu yake, na mimi nawaza vitamini, vitamini ni ya watoto wa kituo cha afya, mtu mzima na ndevu zake ya nini, lakini anaeleza, anaeleza kama alivyokuwa akieleza bei, taratibu, hiyo vitamini, ngozi inaitengeneza kwa jua, halafu mafigo ndiyo yanaimalizia kazi, na mafigo yakifa inabaki nusu, na watu wa mashine wakipungukiwa nayo mara nyingi ni moyo unaoumia, mishipa inakauka na kuwa migumu, kwa hiyo wakaupiga moyo wake picha... moyo, na mikono yangu imesimama, mpunga unanivuja kati ya vidole, kwa sababu Michel naye ulikuwa moyo, Michel mtu wa Kabambare, aliyelala kitanda cha jirani naye pale kwenye mashine, wakicheka pamoja kwa Kibangubangu, lugha ya kwetu, hakuuawa na mafigo, alikuwa anafunga kamba za viatu asubuhi ili aende kutibiwa na moyo ukasimama hapo hapo, na Asani hakunipigia wiki mbili, na mimi katika wiki hizo nilitoa kitenge cheusi sandukuni nikakianika upeponi, Mungu anisamehe, mume wangu akiwa hai, nikakikunja tena nikakaa juu ya sanduku nikilia, si kwa huzuni peke yake, kwa hasira, maana nilisema nakuja akasema hapana, usije, kila nilipotaja safari akasema usije, na Albertine jirani yangu aliniambia pale kisimani, bila ubaya, mwanaume anayemkataza mke wake kuja ana mwingine anayempikia, na neno hilo nimelala nalo, nimeamka nalo, nimelipeleka shambani na kulirudisha... “Mutima iko muzuri,” anasema. Narudia kumuuliza, moyo, daktari amesema? “Munganga ameona mutima. Haikuvimba, inapiga muzuri.” Na kicheko kinanitoka kabla ya machozi, sijui kilikuwa kimekaa wapi, Asani wa Salamabila, aliyechomwa na jua mgongoni kwenye pikipiki miaka kumi na sita, apungukiwe na jua, na yeye kule anaanza kucheka pia, kikohozi kikiwa ndani yake, anasema hata daktari alishangaa, akamuuliza mara ya mwisho umekaa nje lini, na yeye akajibu sijakaa tangu nifike, na daktari akauliza kwa nini, na hapo namsikia jogoo wa kule, namsikia mtu anapita akiuza mikate, nangoja jina la huyo mwanamke, niko tayari nalo... “Ni juu ya mukono,” anasema, kwa sababu ya ule mkono waliounganisha mishipa ili mashine ipate pa kunywea, umevimba, mshipa umejikunja chini ya ngozi kama nyoka, ukiugusa unatetemeka, watoto wa mtaa wa Waridi waliuona siku ya kwanza wakakimbia, tangu siku hiyo ni shati la mikono mirefu, mlango umefungwa, pazia limeshushwa. “Niliogopa na weye utanikimbia.” Basi. Miezi minane nimegombana na mwanamke ambaye ni mkono, nimemtukana, nimempa sura na mapaja na hereni, na mume wangu amekaa gizani akilikosa jua na mimi, mjinga huyu, mjinga wangu, anaendelea kusema wamempa dawa ya matone, daktari hakuapa kwamba matone peke yake yatalinda moyo, presha bado, chumvi bado, mashine bado, lakini mifupa itashukuru, na kila asubuhi atoke nje kidogo, na yuko nje sasa hivi, anasema, Waridi amemwekea kiti mbele ya mlango, naye amevaa singlendi, mkono wote uko wazi, na mtoto mmoja amekuja kuugusa asikie unavyonguruma na amekwenda kuita wenzake, na ninaiona pikipiki ya kwenda Samba kwenye stesheni, ninamwona Baraka wetu akibaki kwa Albertine, ninaiona treni hata kama itachelewa siku tatu, na nitauweka mkono ule shavuni kwangu nisikie... “Utakuja?” anauliza, na mtandao unakwaruza, nitakuja, nasema, halafu nasema tena kwa sauti kubwa, simu imenyamaza, sijui kama amenisikia, lakini mimi nimejisikia.