Mukono Juu ya Bega

Papa ndiye aliyepika kole ya kubandikia. Ninaanzia hapo, sababu wengi wakisikia hii habari wanafikiri nilikuwa nachukia mama wa kambo. Sikumuchukia. Hasira yangu iko na mwanaume aliyechuchumaa kwenye jiko letu la makala pale Kadutu, anakoroga unga wa muhogo ndani ya sufuria ndogo, anapiga muluzi kama mutu anayepikia watoto wake uji.

Mama yetu, Marcelline, alikuwa amekufa mwaka uliotangulia. Homa tu, hata hatukupata muda wa kuogopa. Tulibaki Papa, mimi Colombe, na mudogo wangu Lucien. Ilikuwa ile miaka ya Zaïre, majina ya ubatizo yameisha kukatazwa, hata kravati za shingoni. Kwenye masomo nilikuwa Cibalonza, lakini Mama aliniita Colombe mupaka mwisho, na mimi ninabaki nalo, anayekasirika akasirike.

Matanga ilipokaribia kuisha, Papa akatuita jumapili moja kisha misa.

"Batoto yangu," akasema, "tumutengenezee mama yenu albamu. Sisi wote pamoja. Picha zake ziko zinatawanyika huku na huku, zitapotea."

Munajua albamu kwetu ni kitu gani. Mugeni akiingia, hajapewa hata maji, anawekewa albamu kwenye mapaja. Anafunua polepole, anauliza huyu nani na huyu nani, na wewe uko jikoni unajibu kwa sauti. Nyumba bila albamu ni kama ya watu waliohamia jana. Sisi hatukuwa nayo, picha zetu zilikaa popote. Kwa hiyo nilifurahi, nilifurahi sana, na leo furaha ile inanipa aibu.

Basi kila jumapili tukakaa mezani. Lucien akaleta ka picha kadogo ka Mama alikokuwa anawekea alama ndani ya kitabu cha hesabu. Mimi nikatoa ile niliyolalia chini ya muto: Mama na mimi pembeni ya ziwa, tunakula mahindi ya kuchoma, yeye anacheka na mdomo umejaa. Papa akaleta picha ya ndoa yao, akajicheka mwenyewe. "Angalieni hii kravati. Leo nikiivaa wananifunga." Alienda hata kwa mupiga picha wa Nyawera kuuliza kama kulibakia kitu.

"Hata moja isibakie inje," alituambia. Nikaona ni mapendo.

Nilikuwa nimenunua vile vipembe vyeusi vya karatasi vya kushikia picha. Papa akavikataa. "Vipembe vinaanguka. Tubandike na kole, zisitoke tena." Siku moja nililia juu ya ukurasa wa mahindi, akanifuta machozi na kidole chenye kole, ikaniganda kwenye shavu, tukacheka wote watatu.

Picha moja tu ilibakia ukutani: mimi siku ya komunyo ya kwanza, gauni nyeupe, mushumaa mukononi. Papa akaitazama haraka. "Hii iko yako peke yako. Iache."

Siku ya kumaliza matanga, watu wa kwao Mama walishuka kutoka Walungu, wakiongozwa na kaka yake, tonton Philémon. Kasiksi, ile pombe ya ndizi, ikanywewa, sala ikasaliwa. Kisha ikatolewa valisi ya vitenge vya Mama ili irudi kwao. Hiyo nilijua, ni desturi, vitenge nilivikunja mimi mwenyewe. Lakini Papa akaingia tena chumbani. Akatoka na albamu, ameishika na mikono miwili, akaiweka juu ya valisi.

"Shemeji," akasema, "na hii. Dada yako yote iko humu ndani. Kwangu hakuna kitu chake kinachobakia."

Wazee wakapiga makofi, wakaona ni heshima kubwa. Tonton Philémon akatugeukia mimi na Lucien, macho yamejaa. "Asante, batoto. Mumefanya kazi nzuri." Alifikiri tulikubaliana.

"Papa, ile iko yetu," nikasema.

"Colombe, wakubwa wanasema."

Nikaivuta albamu mbele ya wote, nikafunua ukurasa wa mahindi, nikaingiza ukucha chini ya picha. Shavu la Mama likaanza kupasuka. Nikajaribu upande mwingine, ikapasuka pia. Kole ilikuwa nzuri. Nikaacha, sababu nilikuwa ninamuharibu, nikaifunga mwenyewe, nikamupatia tonton. Alipoelewa, alinivuta pembeni. "Mutoto wangu, kitu kilichotolewa kwenye matanga siwezi kukiacha hapa. Ni kama namurudisha dada yangu kwa mutu aliyemufukuza. Utakuja kumuangalia kwangu." Walungu si mbali, ndiyo. Lakini mama yako humuendei na safari.

Mvua haijakatika, Martine, bibi mupya wa Papa, akaingia nyumbani. Ni hapo ndipo Papa alituambia, bila hata kutuangalia, kwamba watu wa Martine walimuwekea sharti: mutoto wao hatalala mahali marehemu angali anaonekana. Basi. Angetuambia tangu mwanzo. Tungelia, tungegombana naye, na mwisho wake pengine tungekubali. Yeye akatupigia muluzi. Kumutoa Mama kuliniuma, lakini alimutoa kwa mikono yetu, na sisi tunacheka, na hilo sijalimeza mupaka leo.

Martine hakuwa mubaya. Alikuwa musichana wa Katana, mupole, hakujua tulivyofanyiwa. Jumapili moja akarudi na albamu mupya, majani mazito, akaiweka mezani.

"Tutengeneze albamu ya familia," akasema. "Sisi wote pamoja."

Lucien akanitazama. Papa akaenda kwenye makala kupika kole. Muluzi ule ule.

Martine akaweka picha ya ndoa yao, kisha akashusha ukutani ile ya komunyo yangu, akaitoa kwenye kadre ya kioo, akatabasamu. "Colombe, ulikuwa muzuri." Kisha akaisogeza karibu na macho. "Na huu mukono uko wa nani?"

Juu ya bega langu la kushoto kulikuwa na mukono. Asubuhi ile ya komunyo nilikuwa ninayumba kwa njaa, sababu hatukukula mbele ya misa, na mutu alinishika nisianguke. Mupiga picha akamuacha inje, akabakisha vidole. Papa alikuja na sufuria yake, akainama, akaangalia. Nikaona kwenye uso wake kwamba hakuwahi kuuona.

"Wa Mama," nikasema.

Martine akairudisha picha mezani polepole, akamugeukia Papa. "Basi tuiache, Adalbert."

Papa alichukua makasi, akaipanguza kwenye suruali, akanisukumia.

"Kata hapo, mutoto wangu. Kidogo tu."

Nikamuangalia mupaka akageuza macho. Vidole vya Mama vilikuwa vimelalia gauni, huwezi kuvitoa peke yake. Nikakata kwa upana, nikazunguka, nikatoa mukono pamoja na bega lote lililo chini yake. Kale kakipande nikakaweka ndani ya kitabu changu cha sala, kako humo mupaka leo. Picha iliyobakia nikaipaka kole ya Papa, nikaibandika ukurasa wa kwanza, nikaikandamiza na kiganja.

"Haitoki tena, Papa," nikamwambia.

Haikutoka. Nasikia wageni wakifika pale bado wanauliza huyu musichana bega lake liko wapi. Papa anawajibu kwamba lililiwa na panya.