Njia ya Chini kwa Chini ya Valseco

Maneno yalianzia kwenye baa ya kijiji cha Valseco, yakapita kwa muuza mikate, na yalipomfikia Casilda uani akianika mashuka yalikuwa yameshanona: Noelia, binti yake, ameiona njia. Ile njia. Ile ya chini kwa chini, inayotoka kwenye mapango yaliyochimbwa kule kilimani kutengenezea divai, mpaka chini ya kanisa.

Casilda alijaribu kuyatupa maneno hayo, yakamganda. Alimenya viazi akiyawaza, akachoma kidole kwenye sufuria akiyawaza. Kama ingekuwa habari ya mtu kuiba kuku angejua la kufanya. Lakini njia ile, hata aliyeizungumzia kila siku hakujua vizuri anazungumzia nini. Baba yake Casilda alisema ilichimbwa na Waarabu walipoitawala nchi. Padri wa zamani alisema hapana, ni watawa, waliokuwa wakija kuiba divai ya wanakijiji. Bibi yake alikuwa akishusha sauti na kusema kwamba wakati wa vita wanaume walijificha humo, na wengine hawakutoka. Chama cha urithi, ambacho Noelia alikuwa katibu wake, kilipotaka kuandika kibao cha wageni, kiliwauliza wazee watatu kikapata majibu manne. Kibao kikabaki kitupu.

Casilda aliacha shule mapema akaenda kuchuma zabibu, kwa hiyo hakubishana na historia. Alichoogopa ni kitu kimoja: mtoto anayetafuta shimo, shimo atalipata.

Mchana walipoketi kula dengu na soseji, alimuuliza.

"Ni kweli, mwanangu?"

"Kweli ipi, mama?"

"Unajua ipi."

"Ahaa! Baa imeshatangaza." Noelia akacheka huku mdomo umejaa. "Sijaiona njia bado. Nimeona ukuta wa udongo na nyasi, mwisho kabisa wa pango letu, nyuma ya pipa la babu. Mtu aliziba hapo kusudi. Leo naubomoa kidogo nichungulie. Sikukuu ya Bikira Maria wa Pilari inakuja, wageni watajaa. Hebu fikiria nikiwaonyesha njia yenyewe!"

"Beba mshumaa."

"Mama! Manispaa imeweka taa za umeme mpaka chini. Mshumaa wa nini, kwani naenda kumwombea marehemu?"

"Babu yako hakushuka bila mshumaa."

"Babu alikuwa anatengeneza divai. Pango letu tangu afe halijaona hata punje ya zabibu. Sasa niogope nini, buibui?"

Kwa hilo binti alisema kweli. Mshumaa ni wa mwenye divai changa. Mwezi wa Oktoba, maji ya zabibu yanapochachuka na kuchemka yenyewe ndani ya mapipa, hutoa hewa nzito ambayo watu wa Valseco wanaiita tufo. Haionekani. Inatuama chini kama maji kisimani, inazima mshumaa kwanza, halafu inamzima mwenye mshumaa. Hilo kila mtoto wa kijiji analijua. Lakini pango tupu? Pango lisilo na divai lina shida gani? Akaona aibu kuonekana mwanamke wa zamani anayeogopa kila kitu. Akampa binti yake tufaha la kula njiani.

"Nitarudi tunywe kahawa," alisema Noelia.

Kahawa ikachemka, ikapoa. Casilda akaipasha, ikapoa tena. Kijiji chote kilikuwa kimelala usingizi wa mchana, madirisha yamefungwa. Akatoka na kandambili zake za nyumbani, akapanda kilima.

Mlango wa pango lao ulikuwa wazi. Taa zilikuwa zinawaka kuanzia ngazi ya juu mpaka zinapopinda, mwanga safi wa manjano, kuta zimefagiliwa, pamependeza kuliko sebuleni kwake. Hapakuwa na moshi wala vumbi, wala kitu chochote cha kutisha. Na hiyo ndiyo iliyomchanganya. Macho yalimwambia shwari, kahawa iliyopoa ikamwambia vingine.

"Noelia!"

Akainama mlangoni, akaita tena.

"Noelia! Wewe mtoto, kahawa imelala!"

Halafu sauti ikapanda toka chini, taratibu, nzito, sauti ya mtu anayeongea ndotoni.

"Mama... nimefika."

"Umefika wapi?"

"Nayaona mabenchi."

"Mabenchi gani, wewe?"

"Ya kanisani. Watu wamekaa..." Kikafuata kicheko kidogo. "Nitatokea huko huko, mama."

"Watu gani? Noelia! Watu gani?"

Casilda alisimama mlangoni kichwa kikimgonga, hajui acheke au alie. Yaani ni kweli? Miaka yote ile ya hadithi, na ni kweli? Mtu wa kwingine angepiga kelele za kuomba msaada. Lakini Casilda alinyonya habari za njia ile pamoja na maziwa ya mama yake, na mwanawe amemwambia kwa mdomo wake kwamba atatokea kanisani. Basi akafanya ambacho mtu wa Valseco peke yake angefanya. Akageuka, akashuka kilima mbio, kwenda kumpokea binti yake kanisani.

Ndani ya kanisa alimkuta Visitación, mtunza funguo, anasugua vinara kwa ajili ya sikukuu. Casilda hakusalimia. Alipita moja kwa moja mpaka kwenye altare ya Mtakatifu Antonio, akapiga magoti, akalaza sikio juu ya jiwe la sakafu.

"Ee, shoga," alisema Visitación, "umeangusha hereni?"

"Namtafuta Noelia."

"Chini ya Mtakatifu Antonio?"

"Amepita njia. Amefika, nimemsikia. Anasema anaona mabenchi."

Visitación angeweza kucheka. Laiti angecheka! Badala yake aliweka kinara chini, akajivuta kwa magoti yake mabovu, akalaza sikio lake upande wa pili.

"Mimi mama yangu aliniambia ni upande wa kisima cha ubatizo," alinong'ona.

"Basi sikiliza huko!"

Wakatambaa, mmoja huku mmoja kule, wakigonga mawe kwa funguo za kanisa. Wakasikia panya. Wakasikia upepo. Visitación akaapa amesikia kikohozi, kumbe ni Casilda mwenyewe. Waliporudi katikati, nyuso karibu karibu, Visitación akakunja pua.

"Casilda, samahani nikuulize. Umekunywa?"

"Mimi? Saa hizi?"

"Unanuka divai changa. Na macho yako mekundu. Umetoka kukoroga pipa la nani?"

"Sijakoroga pipa la mtu. Nimesimama mlangoni kwetu tu."

"Kwenu hamtengenezi divai."

"Hatutengenezi."

"Sasa hiyo harufu umeitoa wapi?"

Casilda alinusa shali yake. Kweli. Ile harufu kali ya zabibu inayochachuka, ile inayokwaruza pua. Alikuwa ameinusa pale mlangoni na hakuitilia maanani, kwa kuwa Oktoba kilima kizima kinanuka hivyo. Akaelewa: tufo imo pangoni kwao, na binti yake yumo.

"Gonga kengele," alimwambia Visitación. "Gonga kama kuna moto!"

Alirudi kilimani bila kandambili, hakujua zimebaki wapi. Eutiquio, mwenye pango lililo juu kidogo ya lao, alikuwa ameketi mlangoni pake kwenye kiti cha nyasi, anasikiliza redio.

"Mzee Eutiquio! Divai yako inachemka?"

"Inachemka? Inaimba, binti yangu! Kwani vipi, umekuja kuonja?"

"Noelia yuko pangoni kwetu. Amebomoa ukuta wa udongo, nyuma ya pipa la baba. Anasema ni mdomo wa njia."

Uso wa mzee ukabadilika. Redio ikaanguka.

"Mdomo wa njia gani! Msichana ametoboa kwangu! Baba yangu na babu yako walikutana hapo wakichimba, wakaziba. Tufo yote inayotoka kwenye mapipa yangu inamwagikia kwenu!"

Casilda alishaanza kukimbilia mlangoni kwao. Mzee akamdaka shali, shali ikachanika, akamdaka mkono.

"Niache!"

"Sikuachi!"

"Taa zinawaka, mzee! Si unaona? Kweupe!"

"Taa hazipumui, Casilda!"

Alikuwa na mshumaa mfukoni, kama kila mwenye divai mwezi ule. Akauwasha, akauweka ndani ya ndoo, akaishusha kwa kamba kufuata ngazi. Kabla ya kufika ngazi zinapopinda moto ukazimika, haukuyumba hata kidogo, kama umebanwa kwa vidole. Na balbu juu yake zikaendelea kung'aa. Casilda alitazama kitu kile bila kukielewa. Mwanga upo, na moto umekufa. Mwanawe yuko ndani ya mwanga ule.

"Ukishuka mtaanguka wawili," alisema Eutiquio, kwa upole sasa. "Nisaidie dohani."

Dohani ya pango, lile bomba la mawe linalotoa pumzi ya chini, chama cha urithi kilikuwa kimeifunika kwa kioo kinene ili mvua isiingie na wageni wachungulie. Casilda aliokota jiwe. Alipiga mara ya kwanza kioo kikalia tu, akapiga tena na tena mpaka kikaporomoka na kumkata mikono. Eutiquio akavaa ile mashine ya mgongoni ya kupulizia mizabibu dawa, akavuta kamba ikanguruma, akaingiza mdomo wa mashine dohanini akapeleka upepo chini. Watu walioshtushwa na kengele walipanda kilima na vifaa vyao, mwingine na feni ya chumbani, mwingine na mwavuli wa kupepea mlangoni. Kila dakika mshumaa ulishushwa. Kila dakika ulikufa ngazi moja chini zaidi. Casilda hakuomba. Alihesabu ngazi, akapotea, akaanza upya.

Mshumaa ulipofika kwenye kona ukiwa hai, vijana wawili wakashuka wamefungwa kamba viunoni. Noelia alikuwa amekaa ngazini, karibu sana na kona, upande wa chini, kichwa kimeegemea ukuta, tufaha mkononi limeng'atwa mara moja. Alikuwa anapumua, kwa shida. Zimamoto wa mjini walipofika na mitungi yao ya hewa walimkuta amelazwa kwenye nyasi, mama yake anampiga mashavu na kumbusu, anampiga na kumbusu.

Alipona. Ila mpaka leo anashikilia kwamba aliyaona mabenchi, na watu wamekaa, na mwanamke mmoja wa mbele amejifunika shali nyeusi akageuka kumtazama. Daktari anasema ni tufo, huvuruga akili kabla ya kuizima. Casilda anaitikia. Lakini wageni wakimuuliza njia iko wapi, hunyoosha mkono, huushusha, husema hajui, na kweli hajui. Anayoyajua ni haya tu, na ameyabandika kwenye mlango wa kila pango, ruhusa ya meya amepata baadaye:

Mambo ya kuepuka divai inapochemka.

Usishuke bila mshumaa, hata pango likiwa tupu, hata taa zikiwaka.

Usiunyanyue mshumaa usoni. Ushushe chini ya magoti.

Usizibe dohani, kwa kioo wala kwa kitu kingine.

Usibomoe ukuta kabla hujamuuliza jirani.

Usishuke peke yako.

Usiamini sauti ya chini ikikuambia imefika mahali.

Usiende kanisani kusikiliza sakafu. Gonga kengele.

Usimfuate aliyeanguka, hata akiwa mwanao. Fungua hewa kwanza.