Kinywaji cha Moanda

Delphine Chileshe aliporudi Lubumbashi kutoka Moanda, baba yake alimuuliza swali moja tu, na swali hilo likamshinda.

"Ile bahari, iko namna gani?"

Mzee Stanislas Nkandu alikuwa ameketi uani kwake, mtaa wa Kenya, blanketi magotini. Alichimba shaba chini ya ardhi ya Kambove tangu ujana wake mpaka kifua kilipomchosha, akapumzishwa. Delphine alikuwa binti yake wa pekee. Kwa miaka kadhaa alihudumu katika baa ya hoteli moja ya wageni kule Moanda, mahali ambapo Zaire inaishia na Atlantiki inaanzia. Aliposikia mzee amedhoofika aliacha kazi, akapanda ndege mpaka uwanja wa Luano, akaja kumtunza.

"Iko maji mingi, papa."

"Hata mto Lufira iko maji mingi."

"Hapana, papa. Ile iko..." Delphine alitanua mikono, kisha akaishusha. Alijiona mjinga. Miaka yote hiyo alilala akisikia mawimbi, na sasa hakuwa na la kumwambia mtu ambaye hakuwahi kutoka Katanga.

Ndipo alipokikumbuka kinywaji. Hoteli ile ilikuwa na kinywaji chake cha fahari, cha ramu, nanasi na tui la nazi, kilichotikiswa na barafu mpaka kikatoa povu, kikanyunyiziwa kungumanga juu. Wageni walikipokea barazani, wakiongea kwa sauti, wakubwa wa chama, mainjinia, Wazungu na wake zao. Wakionja mara ya kwanza, maongezi yalikatika. Kila mmoja alifumba macho, na akiyafumbua aligeukia baharini kana kwamba ndiyo kwanza anaiona. Delphine alikitengeneza mpaka mikono yake ikakijua kuliko anavyoijua sala. Lakini hakuwahi kukionja. Mfanyakazi aliyenuka pombe alifukuzwa siku hiyohiyo.

"Nitakutengenezea kitu moja, papa," alisema. "Utakunywa, utajua."

Mzee alicheka mpaka akakohoa. "Utaniletea bahari mu kikombe?"

"Njo vile," alikubali.

Kusema kulikuwa rahisi. Tangu maduka ya wageni yagawiwe wenyeji, rafu nyingi mjini zilibaki na vumbi na viberiti. Delphine alizunguka siku nyingi kabla ya kuiona chupa ya ramu, katika duka lililokuwa la Mgiriki. Mwenye duka mpya hakujua hata inanywewaje. Wateja wake walitaka bia ya Simba, basi. Delphine alimwachia kikwembe chake, kitenge kizuri kuliko vyote, akaondoka na chupa kifuani kama aliyebeba mtoto mchanga.

Mananasi yalijaa sokoni pale mtaani. Nazi ndiyo iliyokuwa mtihani, maana nchi hii ya juu, yenye baridi ya Juni, haioteshi minazi. Alimwendea binamu yake Kalaba, aliyepakia mizigo uwanja wa Luano na kufahamiana na marubani. Kalaba alikuna kichwa.

"Nazi? Watu banatuma mikate, banatuma dawa. Weye unataka nazi?"

"Iko ya papa."

Kalaba hakuuliza tena. Baada ya majuma machache alikuja na baiskeli, mfuko wa mchele umening'inia usukani. Ndani mlikuwa na nazi mbili na kungumanga moja, zawadi ya Annie, mpishi wa ile hoteli ya Moanda, rafiki wa Delphine.

Jumapili, walipotoka misa, Delphine alianza. Nazi ya kwanza alipoipasua ilitoa harufu mbaya, nyama yake imegeuka kijivu. Akaitazama ile ya pili, akiogopa kuigusa. Mwishowe akaipiga jiwe. Ikafunguka nyeupe pe, maji yake yakamrukia usoni.

Aliikuna kwenye bati lililotobolewa misumari, akakamua tui kwa kitambaa safi. Akaponda nanasi, akachuja, akakamulia ndimu. Jirani yao, Mama Brigitte, mwenye kibaa na friji ya mafuta ya taa, alileta barafu mwenyewe.

"Sitoki hapa mpaka nionje," alisema, akavuta kigoda.

Delphine alimimina vyote katika kopo la maziwa ya unga, akabana kifuniko, akatikisa. Mama Brigitte alimwangalia alivyobadilika. Mgongo ulinyooka, mikono ikapanda na kushuka begani kama ngoma, macho yakaenda mbali. Alipofungua kopo, povu lilikuwa limesimama, rangi yake ileile ya hotelini. Hakuwa na njia nyingine ya kupima. Akakwangua kungumanga juu, akamkabidhi mzee glasi kwa mikono miwili.

Mzee Stanislas alikunywa kidogo. Akafumba macho.

Akakaa hivyo muda mrefu hata Delphine akaingiwa na hofu. "Papa? Iko mubaya?"

"Nyamaza kwanza," mzee alisema taratibu. Akanywa tena. Machozi yalimtoka, wala hakuyafuta. "Hii baridi. Hii baridi yenye utamu. Nilishaivuta na pua, zamani, kule Kambove."

Delphine alipiga magoti karibu na kiti.

"Nilikuwa kijana," mzee alisema. "Tulitoboa ukuta, jiwe ikaangukia upande wa pili. Tukaona tundu. Nikaingia wa kwanza, na taa. Delphine, ndani mulikuwa nyumba. Kubwa kama kanisa ya Mapadri. Kuta zote kijani, malachite, ile jiwe ya shaba, inaning'inia kama vishada vya ndizi, inang'aa. Na chini maji, imetulia, hakuna muntu aliyeigusa tangu Mungu aumbe dunia. Nikainua taa. Kijani juu, kijani chini. Nikashindwa kujua niko wima ao niko kichwa chini. Hewa ilikuwa baridi, na tamu, sawa hii. Nikavua kofia ya kazi. Mwenze, mwenzangu, akaingia nyuma yangu, naye akavua yake."

"Ikakuwa je?"

"Kesho yake tulilipua. Ilikuwa shaba safi." Mzee aliitazama glasi. "Mwenze alikataa kushika baruti. Mimi nilishika. Njo kazi ilikuwa."

"Juu ya nini haukuniambia?"

"Ningesema nini, mwana wangu? Iko mawe mingi?"

Delphine alimtazama baba yake kana kwamba hajapata kumwona. Mtu huyu alikula naye ugali, akamtuma maji, akamkanya, na wakati wote huo alikuwa amebeba kanisa la kijani ndani yake. Akamimina glasi mbili, akampa Mama Brigitte moja, akaonja nyingine kwa mara ya kwanza maishani mwake.

Utamu ulitangulia, ukali wa ramu ukafuata, kisha baridi ikamshuka kifuani kama mlango unaofunguliwa. Lakini hakuiona Moanda hata kidogo. Aliona taa moja ndogo imeinuliwa gizani, na maji ya kijani yasiyo na mwisho. Nyuma yao Mama Brigitte, aliyekuja na maneno mengi, alikuwa amefumba macho, glasi mkononi.

Ramu iliyobaki mzee hakuitaka tena; alisema mara moja inatosha. Ila tangu siku ile alizungumza. Asubuhi nzimanzima alimweleza Delphine habari za chini ya ardhi, na kifua kikambana, na bado akaendelea.

Mvua zilipoanza, Delphine alimwomba Kalaba ampeleke Kambove, akaone mahali lilipokuwa lile kanisa la kijani. Walipofika hapakuwa na mlango wala njia ya kushukia. Wachimbaji walikuwa wameufungua mlima wote juani, na mahali pa mahandaki ya zamani sasa palikuwa na shimo pana ajabu, ngazi juu ya ngazi za udongo mwekundu, na magari makubwa yakitambaa pembeni kama siafu. Chini kabisa yalituama maji ya mvua, kijani kibichi.

Delphine alisogea mpaka ukingoni. Akafungua kitambaa cha kichwani, akakishika mkononi. Kalaba alimwita, akamwambia lori la kuwarudisha linaondoka, akamwita tena. Hakugeuka.